Chuma Kabatini, Mkono Gizani: Uhakiki wa Silaha za Kale katika Makumbusho Yetu

Makumbusho ni shule. Tofauti yake na shule ya darasani ni kwamba mwalimu wake hasemi kwa sauti. Yeye husema kwa kabati la kioo, kwa taa, kwa mahali alipokiweka kitu, na kwa kibao kidogo cha maelezo alichokibandika chini yake. Kwa kuwa hasemi kwa sauti, wengi hudhani kwamba hana upande. Hilo ni kosa. Kila elimu ina upande wake, na elimu inayojidai haina upande ndiyo inayopasa kuchunguzwa kwanza.

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki jambo moja tu, nalo ni namna bunduki na mizinga ya kale inavyoonyeshwa katika makumbusho na ngome za Afrika Mashariki. Tunalitazama jambo hili kutoka Genkuru, wilayani Tarime, mkoani Mara. Tumechagua mahali hapo kwa makusudi. Wengi wa wanaoandika juu ya silaha za makumbusho huandika wakiwa mijini, ambako bunduki ni kitu cha kutazama na kupita. Katika nchi ya Wakurya, Tarime na Serengeti, na ng'ambo ya mpaka katika Kenya, bunduki imo katika historia ya koo nyingi. Yuko babu aliyeibeba kwa amri ya mkoloni. Yuko baba au mjomba aliyeibeba kulilinda Taifa. Na liko zizi lililoamka tupu asubuhi moja kwa sababu yake. Mtu wa huko akisimama mbele ya bunduki iliyowekwa kabatini anayo haki ya kuuliza maswali ambayo mtalii mwenye kamera hayaulizi.

Hoja yetu ni hii. Bunduki haina siasa yake yenyewe. Siasa yake imo katika mkono ulioitengeneza, mkono ulioilipia, mkono ulioibeba, na katika kifua kilicholengwa. Makumbusho yanayoonyesha chuma na kuficha mikono hiyo yanamfundisha mwananchi kuabudu chuma.

MZINGA WA MELI NA KAMBA YA MPAGAZI

Tuanze na mfano ulio wazi. Mombasa, katika Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo sasa ni makumbusho, ipo mizinga miwili ya Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja ulitoka katika manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Wa pili ulitoka katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus. Kwa desturi, kisa cha mizinga hii husimuliwa kama kisa cha mabaharia. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliishambulia Pegasus katika bandari ya Unguja na kuizamisha. Baadaye Königsberg ilijificha katika matawi ya mto Rufiji, ikazingirwa na Waingereza, na tarehe 11 Julai 1915 ikapigwa hata nahodha wake akaamuru izamishwe. Mizinga yake kumi, yenye mitutu ya kipenyo cha sentimita 10.5, iliopolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, ikafungiwa magurudumu na kupelekwa kupigana nchi kavu.

Msimulizi wa mabaharia huishia hapo, akataja uzito wa risasi na umbali iliofika. Sisi tunaanzia hapo. Mzinga wa meli uliundwa ukae juu ya meli. Haukuundwa kupita katika pori, matope na vilima kwa mamia ya maili. Ng'ombe na punda hawakuweza kuukokota katika nchi yenye mbung'o, kwa maana walikufa njiani. Basi nani aliukokota? Waliukokota Waafrika. Kila mzinga ulihitaji mamia ya watu wa kuuvuta kwa kamba, na wengine wa kukata njia mbele yake, na wengine wa kubeba vichwani risasi zake na chakula cha Wazungu waliouamrisha. Upande wa pili, Waingereza walifanya vivyo hivyo. Waliwakusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, wakawapanga katika jeshi la wachukuzi. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, na wanahistoria wengi hukadiria vifo vyao kuwa karibu 100,000. Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara, homa, njaa na uchovu.

Jina la jeshi hilo la wachukuzi ndilo lililozaa neno Kariakoo. Mamilioni ya watu wamenunua vitunguu na khanga katika soko la Kariakoo bila kuambiwa kwamba wanakanyaga kambi ya wapagazi wa vita vya watu wengine. Hapa tunaona mgawanyo wa kumbukumbu ulivyofuata mgawanyo wa kazi. Chuma kimewekwa ngomeni na kutunzwa kisipate kutu. Mbebaji amebaki neno la sokoni ambalo maana yake imesahauliwa.

Mtu wa Genkuru anahusikaje na mzinga wa Rufiji? Anahusika sana. Mpaka unaowagawa Wakurya ulichorwa katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Waliochora mstari huo ni mataifa yale yale mawili ambayo mizinga yao imewekwa pamoja Fort Jesus. Vita vilipoanza, Septemba 1914, jeshi la Wajerumani lilivuka kutoka upande wa Shirati likaingia Kisii, na tarehe 12 ya mwezi huo likapigana huko na jeshi la Waingereza. Mwaka 1917 mapigano yalifika hata katika ngome ya Ikoma, Serengeti. Katika mapigano yote hayo wenye nchi walikuwa njia, walikuwa chakula, walikuwa mabega ya kubebea. Mizinga ya mahasimu wawili ikiwekwa pamoja bila kuelezwa neno hilo, mtazamaji huondoka akidhani kwamba vita vile vilikuwa baina ya chuma na chuma.

UREMBO WA FEDHA

Sasa tuje kwenye silaha za urembo. Makumbusho ya pwani na ya nchi za Ghuba yanazo bunduki ndefu za utambi zilizofungwa mikanda ya fedha mtutuni, na vitako vilivyonakshiwa. Huko Muscat, katika makumbusho ya Bait Al Zubair, silaha za namna hiyo huonyeshwa pamoja na majambia na panga kama fahari ya ukoo na ustadi wa mafundi. Wala hatukatai kwamba ni ustadi. Fundi aliyeifua fedha ile alikuwa mfanyakazi hodari, na kazi ya mikono yake inastahili heshima kuliko jina la bwana aliyeiweka begani.

Lakini urembo nao una uchumi wake. Mafundi wa Oman kwa muda mrefu waliyeyusha sarafu za Maria Theresa ili kupata fedha ya kufulia vyombo vya urembo. Sarafu hizo ndizo zilizokuwa zikizunguka katika biashara ya karne ya 19 iliyounganisha Muscat, Unguja na bara. Biashara hiyo iliuza pembe za ndovu, karafuu na watu. Kiswahili chetu kimefanya uchambuzi mzuri hapa bila kukusudia, kwa maana neno letu la madini yale meupe na neno letu la kununulia ni moja: fedha. Bunduki iliyovishwa fedha ni bunduki inayotangaza kwamba mwenyewe ametajirika, na inamwonya maskini asiulize utajiri ule ulitoka wapi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba mnyonge hukosea anapochagua fedha kuwa silaha yake. Bunduki ya urembo inatuonyesha upande wa pili wa somo hilo: mwenye nguvu huzifungamanisha fedha na silaha, moja ikilinda nyingine.

Unguja, mbele ya Beit el Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ilijulikana kwa miaka mingi mizinga ya shaba yenye alama za ufalme wa Ureno. Mizinga ya namna hii imepita katika mikono ya mabwana wengi, na kila bwana mpya aliiweka mbele ya mlango wake ili aonekane mrithi wa nguvu. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza waliipiga kasri ya Unguja kwa mizinga ya manowari kwa muda usiofika saa moja. Miongoni mwa silaha zilizoilinda kasri ilikuwapo mizinga iliyotolewa zawadi na Kaiser wa Ujerumani. Zawadi ya beberu mmoja haikuweza kumkinga mpokeaji na beberu wa pili. Hilo ni somo la siasa ya dunia ambalo kijana yeyote anaweza kulielewa kwa dakika tano, kama kibao cha maelezo kingelisema.

GOBORE NA MKATABA

Katika makumbusho mengi gobore huwekwa pamoja na mishale na mikuki, chini ya kichwa cha habari kinachozungumzia silaha za jadi. Mtazamaji hupata picha kwamba Mwafrika alitumia bunduki ya kushindilia baruti kwa sababu akili yake haikufika mbali zaidi. Ukweli ni mwingine.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya kugawana Afrika Mashariki. Siku iliyofuata, tarehe 2 Julai 1890, mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulitangazwa kuwa ni wa kupambana na biashara ya watumwa, na ndani yake ulizuia bunduki za kisasa zisiwafikie Waafrika katika eneo kubwa la bara hili, kutoka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini ya ikweta. Kilichoruhusiwa, nacho chini ya masharti, ni bunduki duni za gumegume na baruti ya kawaida. Kabla ya hapo silaha zilikuwa zikimiminika. Balozi wa Uingereza huko Unguja alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita kila mwaka kwenda bara. Wafanyabiashara wa Ulaya waliziuza bila huruma wakati faida ilipokuwa katika kuuza. Serikali zao zilizizuia wakati faida ilipokuwa katika kutawala.

Kwa hiyo gobore lililobaki mikononi mwa mwanakijiji ni ushahidi wa sheria. Ni kiwango cha silaha ambacho mtawala aliamua mtawaliwa awe nacho. Kuliita silaha ya jadi na kunyamaza ni kuigeuza amri ya Brussels kuwa tabia ya Mwafrika.

KALENGA NA SONGEA

Tukiingia katika makumbusho yanayosimulia mapambano ya wananchi, hali ni bora, ingawa bado kuna la kujifunza. Huko Kalenga, Iringa, yako makumbusho ya Mtwa Mkwawa, ambapo limehifadhiwa fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, pamoja na silaha za wapiganaji wake. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivunja kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo. Walitwaa bunduki kiasi cha 300 pamoja na mizinga michache. Baadhi ya wasimulizi huishangilia hesabu hiyo, kisha hushindwa kueleza kwa nini ngome ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, wakati bunduki zile zilikuwa zimekwisha kutwaliwa.

Maelezo yapo, nayo ni ya kiuchumi. Kutwaa bunduki si kutwaa kiwanda. Risasi ikiisha, bunduki iliyotwaliwa hugeuka rungu. Bombomu bila fundi wake, bila vipuri vyake na bila mafunzo yake ni mzigo. Jeshi la Wajerumani lilikuwa na meli na viwanda nyuma yake. Uhehe ilikuwa na ushujaa, na kwa miaka minne zaidi Mkwawa aliendelea kupigana porini mpaka alipojiua tarehe 19 Julai 1898. Kibao kinachotaja ushujaa peke yake kinawanyima vijana nusu ya somo. Nusu ya pili ni kujitegemea: Taifa linaloazima nyenzo za ulinzi wake linaazima na uhuru wake.

Songea, katika makumbusho ya Maji Maji, silaha ziko karibu na kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Huwezi kutazama silaha ukalisahau kaburi. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 kuomba radhi, alisimama mahali ambapo chuma na mfu vinasemeshana. Hiyo ndiyo njia sahihi ya kupanga makumbusho. Tunawapongeza waliolitunza eneo hilo, na tunasema kwamba mfano wao unafaa kufuatwa.

BUNDUKI MOJA, KAZI MBILI

Sasa turudi Mara. Wakati wa Waingereza, Wakurya walikuwa miongoni mwa watu walioandikwa kwa wingi katika jeshi la KAR. Vitabu vya wakoloni vilieleza jambo hilo kwa kusema kwamba kuna makabila ya kivita. Huo ni upuuzi. Mkoloni alileta kodi ya fedha taslimu katika nchi ambayo mali yake ni ng'ombe. Kijana alitaka fedha ya kodi na ng'ombe wa mahari. Mahali ambapo hapakuwa na shamba la kibiashara wala kiwanda, bega lake ndilo lililokuwa bidhaa, na jeshi lilikuwa mnunuzi. Bunduki ya KAR ikionyeshwa katika makumbusho bila risiti ya kodi kando yake, hadithi ya kabila la kivita itaendelea kuaminiwa, hata na Wakurya wenyewe.

Baada ya uhuru kazi ya bunduki ilibadilika. Jeshi lililorithiwa liliasi Januari 1964, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu mwaka 1963 mpaka kazi yake ilipokamilika mwaka 1994. Kongwa na Nachingwea zilipokea wapigania uhuru wa kusini. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliweka ulinzi mikononi mwa wananchi kwa njia ya mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, vijana wa Mara walikuwa miongoni mwa walioitika, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitwaliwa. Makaburi ya mashujaa huko Kaboya, wilayani Muleba, yanaeleza gharama ya ushindi huo.

Hapo wasimulizi wengi hufunga kitabu. Sisi hatuwezi kukifunga, kwa sababu nchi ya Wakurya inaijua sura inayofuata. Baada ya vita vile baadhi ya silaha za kivita zilirudi kwa siri. Wizi wa mifugo wa mikuki na mishale uligeuka wizi wa SMG. Katika miaka ya 1980 zizi lililolindwa na wanaume wa kijiji kizima liliweza kumalizwa na watu wachache wenye bunduki. Bunduki iliyobebwa Kagera kwa heshima ilibebwa Tarime kwa aibu. Aina ni ile ile, mtutu ni ule ule, na pengine mkono ulikuwa ule ule.

Tusidanganyike tena na hadithi ya tabia ya kabila. Zamani ng'ombe aliyetekwa aliingia katika zizi la mtekaji, akatoka kwa mahari, akabaki anazunguka katika jamii. Soko la fedha lilipokua, ng'ombe wa wizi alipata njia fupi ya kufika buchani, na mpaka ule wa mwaka 1886 ukawa maficho, kwani aliyevuka na mifugo alikuwa amevuka na sheria. Wapo waliotajirika bila kushika bunduki hata siku moja: wanunuzi, wasafirishaji, na wale waliofumba macho kwa malipo. Wananchi walijitetea kwa vyombo vyao. Waliitisha iritongo, baraza la jamii ambalo mbele yake mwizi hutajwa hadharani, na wakaunda sungusungu. Pale vyombo hivyo vilipofanya kazi kwa haki, bunduki zilipungua nguvu. Pale vilipopotoka, mwananchi alipata mabwana wawili badala ya mmoja.

Ndiyo maana tunasema suala la makumbusho si la anasa. Kijana anayekua mahali ambapo mwenye bunduki ameonekana kuwa mwenye ng'ombe, mwenye wake na mwenye sauti, akipelekwa mjini na kuonyeshwa bunduki chini ya taa, imepakwa mafuta na kuvishwa fedha, bila neno lolote juu ya marehemu wake, anafundishwa nini? Anathibitishiwa kile ambacho jambazi wa kijijini alikwisha kumfundisha.

MAKOSA MAWILI YA KUEPUKA

Kuna makosa mawili katika kuonyesha silaha, na yote mawili yanastahili kupigwa vita.

Kosa la kwanza ni la mkusanyaji vitu. Yeye hutaja mtengenezaji, mwaka, kipenyo na idadi ya risasi, akaona kazi imekwisha. Huyu hujiona mwanasayansi, lakini sayansi yake inaishia kwenye ngozi ya kitu. Kutojua kipenyo ni ujinga mdogo. Kukijua kipenyo na kutomjua aliyepigwa ni ujinga mkubwa zaidi, kwa kuwa umevaa joho la elimu. Atajitetea kwamba makumbusho ni ya vitu, na siasa ina majukwaa yake. Tunamjibu kwamba yeye mwenyewe amekwisha kuingia katika siasa alipochagua kuweka chuma na kuacha kamba.

Kosa la pili ni la mshangiliaji, na hili mara nyingi ni letu sisi watu wa siasa. Yeye akiona bunduki ya mpigania uhuru hupiga vigelegele na kuifanya bunduki yenyewe kuwa shujaa. Husahau kwamba katika Msumbiji na kwingineko kilichoshinda ni wananchi waliojipanga, waliolisha wapiganaji, waliowaficha na kuwapa habari. Akiulizwa kwa nini bunduki ya aina ile ile iliiba ng'ombe wa maskini huko Tarime, hana jibu. Hana jibu kwa sababu alikwisha kuipa bunduki sifa iliyokuwa ya watu.

Makosa haya yanaonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja. Yote mawili yanakiona chuma na hayamwoni binadamu.

KAZI YA KUFANYA

Uhakiki usiofikia kazi ni porojo. Tunapendekeza mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila silaha inayoonyeshwa ijibu maswali manne kwa Kiswahili kinachoeleweka: ilitengenezwa wapi na kwa faida ya nani, nani aliilipia, na kwa mali gani, nani aliibeba, kwa hiari au kwa nguvu, na ilimlenga nani. Pale ambapo jibu halijulikani, wananchi waulizwe. Wazee wengi wanayo majibu ambayo hakuna aliyewaomba.

Pili, silaha isionyeshwe peke yake. Kando ya mzinga wa meli iwekwe kamba ya mpagazi, na jina la Kariakoo lielezwe. Kando ya bunduki ya KAR iwekwe risiti ya kodi. Kando ya gobore yawekwe maneno ya Mkataba wa Brussels. Kando ya bunduki ya fedha itajwe kazi ya fundi, na bei ya pembe na ya mtu. Vitu hivi havina thamani kubwa mnadani, na kwa sababu hiyo wakusanyaji hawakuvijali. Kwetu vina thamani kuliko chuma.

Tatu, mkoa wa Mara uwe na simulizi yake wenyewe. Yapo makumbusho ya Mwalimu Nyerere huko Butiama tangu mwaka 1999, na yapo magofu ya ngome ya Ikoma. Baina ya mahali hapo pawili inaweza kusimuliwa historia nzima ya silaha katika mkoa: ngome ya Wajerumani, KAR, mgambo, Kagera, wizi wa mifugo, sungusungu. Silaha haramu zinazosalimishwa huteketezwa, na ni haki ziteketezwe. Lakini chache zingeweza kukatwa, zikaharibiwa zisifae tena kupiga, zikawekwa wazi na maelezo ya zizi lililoporwa na mjane aliyebaki. Bunduki iliyokatwa vipande viwili inafundisha zaidi kuliko iliyong'arishwa.

Nne, makada na wanafunzi wasiende makumbusho kama watalii. Waende na maswali yao, wakirudi waandike, na waliyoandika yasomwe kijijini. Kijana wa Genkuru aliyeiona Fort Jesus awaeleze wenzake mbele ya wazee, na wazee wamsahihishe. Katika majadiliano hayo makumbusho yatakuwa yamefika Genkuru hata kabla ya kujengwa.

Tunajua watakuwapo watakaosema kwamba haya yataharibu uzuri wa maonyesho, na kwamba mgeni aliyelipa kiingilio hapendi kuhubiriwa. Mgeni tunamheshimu, na tunamkaribisha aje ajifunze pamoja nasi. Lakini makumbusho ya Taifa yanawajibika kwanza kwa watoto wa wale walioivuta kamba. Mtoto huyo asipolikuta jina la babu yake karibu na mzinga, atalitafuta jina lake mwenyewe penye bunduki. Kazi ya kuzuia hilo haiwezi kuachiwa polisi peke yao. Ni kazi ya elimu, na inaanza na kibao kidogo cha maelezo.